Saa Yangu ya Jinja

Katika jumla ya vitu vya anasa ambavyo mwanadamu amejibunia kwa ajili ya kuupamba mwili wake, sijui kingine kilicho hodari wa kujificha kama saa ya mkono. Kwani mkufu haumwambii mtu lolote ila kwamba mwenyewe ana mali, na pete ya yakuti haina kazi nyingine kidoleni ila kung'aa, lakini saa, hata ikiwa imenunuliwa kwa fedha ambazo zingetosha kuezeka nyumba nzima kwa bati, hutulia mkononi kama mtumishi mwenye adabu na kudai kwamba haiko pale kwa fahari bali kwa haja, ili bwana wake asichelewe kazini. Ndiyo maana hata watu wacha Mungu, ambao wangeona haya kutembea sokoni na kidani shingoni, hawaoni haya kuvaa saa. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya saa ya namna hiyo, ya kwanza ya thamani na ya mwisho niliyopata kununua, ambayo ilitoweka machoni pangu kwa miaka zaidi ya arobaini na sasa imerejea, tena hapa Namatala, kandokando ya mji wa Mbale, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angekuja kutafuta saa ya Uswisi.

Niliinunua Jinja mwaka 1968, na wale ambao hawakuiona Jinja ya zama hizo itawapasa kuniamini nisemapo kwamba ulikuwa mji ulioishi kwa dakika. Bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alilifungua tarehe 29 Aprili 1954, karibu na pale Mto Nile unapolipa kisogo ziwa na kuanza safari yake, lilikuwa limeleta umeme, na umeme ukaita viwanda: kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyosafirishwa kwa gari moshi kutoka Kilembe, upande wa pili wa nchi, viwanda vya nguo za pamba yetu wenyewe, na kwa mashariki kidogo, Kakira, miwa na sukari ya jamaa ya Madhvani. Vijana waliotoka Busoga, Bugisu, Teso na hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ambao tangu kuzaliwa walikuwa wakiugawa mchana kwa kivuli cha mti, kwa adhana na kwa kurudi kwa ng'ombe, walikuta hapo king'ora kinacholia alfajiri kuwaita watu wa zamu ya kwanza, na lango ambalo likifungwa limefungwa. Mimi nilikuwa karani wa ghala katika kimojawapo cha viwanda hivyo, kazi yangu ikiwa kuandika marobota yaliyoingia na yaliyotoka, kwa siku na kwa saa. Na kwa kuwa mwenye saa ndiye aliyeulizwa na asiyekuwa nayo ndiye aliyeuliza, haikunichukua muda kutambua kwamba kile kilikuwa cheo, na kwamba mtu aliweza kujipandisha cheo mwenyewe bila ya kungoja barua ya meneja.

Duka lilikuwa katika Main Street, chini ya mojawapo ya zile baraza za nguzo walizozijenga Wahindi, na mwenyewe alikuwa Mgujarati mpole ambaye kwa watu wake biashara ya saa za Uswisi haikuwa jambo geni, maana saa hizo zilikuwa zikiuzwa Bombay tangu karne ya 19, na kutoka Bombay hadi Mombasa, na kutoka Mombasa kwa reli hadi kwetu, njia ilikuwa ile ile ya vitambaa na viungo. Alitandika kipande cha mahameli juu ya meza ya kioo, akanitolea kwanza iliyo ya dhahabu. "Bwana karani," akasema, "dhahabu haishiki kutu hata ukiizika." Nikamjibu kwamba dini yangu imemharamishia mwanamume kujipamba kwa dhahabu, akacheka kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kuisikia hoja hiyo na kuiwekea akiba, akainama chini ya meza na kuitoa ya chuma cha pua, Omega ya aina iitwayo Seamaster, yenye uso mweupe kama fedha, tarehe katika kidirisha, na katika kifuniko chake cha nyuma mchoro wa farasi wa baharini. Bei yake ilikuwa mishahara ya miezi kadhaa, nami sikuwa na mishahara ya miezi kadhaa; kwa hiyo tuliafikiana nilipe sehemu kila mwisho wa mwezi, na kila nilipopita kulipa alinifungulia kabati niitazame, kisha akaifunga tena. Sijapata kuona njia nyingine ya kuuza iliyo bora kuliko hiyo, maana siku niliyoivaa nilikuwa nimekwisha kuitamani mara nyingi kupita kiasi ambacho mtu hutamani kitu anachonunua kwa siku moja.

Sasa, madhali ni mzee na hakuna tena wa kumtaka aniheshimu, naweza kusema wazi kwamba kilichokuwa dukani mle sikukinunua kwa ajili ya macho yangu. Saa niliipata bure juu ya lango la kiwanda, kubwa na sahihi, na king'ora juu yake. Nilichokilipia ni macho ya watu. Nilijua namna ya kukunja mkono wa shati mara mbili, si tatu, ili chuma kionekane bila ya kuonekana kwamba nimetaka kionekane. Nilijua kutazama saa msikitini baada ya swala, si kabla yake. Na mwezi wa Julai 1969, magazeti yalipoeleza kwamba wale Wamarekani waliofika mwezini walikuwa wamechukua saa za Omega, niliwaambia makarani wenzangu, kwa upole wa kujivuna ambao leo unanifanya nicheke, kwamba ile ya mwezini ni ndugu wa hii yangu, ijapokuwa ile ni Speedmaster ya kujazwa kwa mkono na hii hujijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono wa mvaaji, tofauti ambayo wakati ule niliiona kuwa faida tu.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulistaajabia nasi hatulifikirii kabisa. Uso wa saa ile ulichorwa Uswisi kwa watu wanaoanza siku yao usiku wa manane, lakini macho yetu huusoma kwa kuvuka upande wa pili: akrabu fupi ikiwa juu ya saba, kwetu ni saa moja ya asubuhi, ikiwa juu ya moja, ni saa saba. Kiwandani niliandika kwa hesabu ya Kizungu na nyumbani nikasema kwa hesabu yetu, na sikupata kuzikoroga hata siku moja. Wazee wa Unguja na Maskati walikwenda mbali zaidi, kwani wapo waliozirekebisha saa zao kila jioni jua linapotua, ili akrabu zikutane juu ya kumi na mbili wakati wa maghribi, na siku mpya ianze hapo. Saa ya gharama ikatiishwa na jua kila siku, nami naona kwamba huo ulikuwa ustaarabu mkubwa kuliko kulitiisha jua kwa saa.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin, akisema na askari katika kambi ya Tororo, mwendo mfupi tu kutoka hapa Mbale, alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wataondoka nchini kwa muda wa siku 90. Mgujarati wangu akaondoka. Nilikwenda kumuaga, akanipa kipande cha karatasi alichoandika tarehe ambayo saa itahitaji kusafishwa na kutiwa mafuta, nasi sote wawili tulijua kwamba hakuna mtu atakayeifanya kazi hiyo. Duka lake alipewa mmoja wa wale tuliowaita "mafuta mingi", aliyeuza vilivyokuwamo kabatini mpaka vikaisha, kisha akauza kabati. Viwanda vikakosa vipuri kwa zamu, mimi nikakosa marobota ya kuandika, nikarudi nyumbani Mbale.

Nilirudi katikati ya neema ya ajabu. Baridi kali ilikuwa imeharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na kahawa ya arabika ya Bugisu, badala ya kuteremka kwa njia ya serikali ambayo malipo yake yalikuwa ahadi, ikapanda mlima usiku, juu ya punda na juu ya vichwa vya watu, ikapita Masaba na kuteremkia Chepkube upande wa Kenya. Watu walirudi na sabuni, sukari, chumvi na mablanketi, na wengine walirudi na saa za mkono za Kijapani. Nikawaona vijana wasiojua kusoma namba wakivaa saa mbili, moja kila mkono, na kwa mara ya kwanza saa yangu ikakosa mtu wa kuitazama. Neema hiyo ilikuwa fupi. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 na vita vya kumwondoa Amin vikasogea mashariki, Jinja kisha Mbale, na katika miezi ya vurugu iliyofuata, mtu aliyesimamishwa njiani na wenye bunduki, wawe wa upande gani, aliulizwa fedha na saa, na mara nyingine saa kabla ya fedha. Na wapo walioulizwa saa wakasita kidogo kuifungua, wakaijua gharama ya kusita. Marehemu mke wangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinyoosha mkono siku moja jioni, nikamvulia, akaniambia nisimwulize atakapoiweka, ili nikiulizwa nisiwe na la kusema. Alifariki mwaka 1985, kabla amani haijarudi, na siri yake akaenda nayo.

Usiku wa tarehe 30 Julai 2022, kama mkumbukavyo, mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha yao katika Mbale na pande zake. Sitasimulia usiku huo, kwani wapo wanaonisikiliza ambao walipoteza zaidi ya nilivyopoteza mimi. Kwangu maji yalichukua jiko la zamani lililokuwa uani, la miti na udongo, ambalo nilikuwa nimeliacha lisimame kwa sababu ya aliyekuwa akipikia humo. Na ukuta ulipoyeyuka, katika fito, kwa kimo cha bega la mwanamke, kilionekana kimkebe cha maziwa ya unga, kimefungwa kitambaa na kumiminiwa nta ya mshumaa pande zote. Hakuna mwizi ambaye angeupekua ukuta wa jikoni ambao moshi wake haukatiki.

Mafundi saa wa kweli wamekuwa wachache. Yule niliyempata ana meza yake barazani, si mbali na mnara wa saa wa Mbale, na sehemu kubwa ya riziki yake ni kubadilisha vioo vya simu. Lakini kazi ya saa aliirithi kwa baba yake, na alipokikaza kioo chake cha kukuzia katika tundu la jicho na kukifungua kifuniko, alinyamaza kwa muda, kisha akaniita nami nitazame. Sikuwa nimepata kuuona moyo wa saa yangu. Niliivaa miaka yote ile, nikaionyesha kwa watu wengi nisiowajua, na sikujua kwamba ndani yake ina rangi ya shaba nyekundu, kama ile iliyokuwa ikimwagwa katika kalibu za Jinja, wala kwamba ekseli za magurudumu yake huzunguka ndani ya johari, 24 kwa hesabu yake, ambazo ni yakuti za kutengenezwa, zilizowekwa si kwa pambo bali kwa kuwa chuma kikisugua chuma hulika, na yakuti hailiki. Kamani yake ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni mafuta, nayo, akanieleza fundi, hukauka na kuwa gundi hata saa ikiwa imelala, kwa hiyo aliyeificha saa yake miaka arobaini hakuipumzisha hata kidogo. Iliyovaliwa na kuhudumiwa huishi, na iliyohifadhiwa huganda.

Aliifungua kipande kwa kipande na kukipanga kila kimoja juu ya karatasi nyeupe kwa utaratibu wa kutoka kwake, akaviosha katika benzini, akavipiga brashi, akavitia mafuta kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko jicho linavyoweza kuliona. Na alipolirudisha gurudumu la mizani mahali pake, lilitetemeka mara moja, likasita, kisha likashika mwendo wake wa mapigo 19,800 kwa saa, yaani matano na nusu kwa kila nukta. Saa za betri za kwatzi, ambazo Wajapani wa Seiko walianza kuziuza siku ya Krismasi ya mwaka 1969 na ambazo karibu ziwafilisi Waswisi, kwa kawaida hutetemesha kijiwe chake mara 32,768 kwa nukta moja, na ni nadra kukosea. Yangu hukosea, husogea mbele kidogo kila siku, na fundi amekataa kuisahihisha zaidi akisema kwamba umri wake unastahili uhuru huo. Kioo chake, ambacho ni cha plastiki, kilikuwa kimefifia kwa mikwaruzo, akakisugua kwa dawa ya meno mpaka kikang'aa. Ukanda wa ngozi ulikuwa umeoza, na mpya ulishonwa na fundi viatu wa jirani. Jambo moja tu halikurudi: zile nukta za kwenye uso ambazo zamani ziling'aa gizani, maana mwanga wake ulitokana na tritiamu, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 12 na kidogo, na katika giza la mkebe ule ilikuwa ikipotea vivyo hivyo.

Basi nikaivaa. Na hapa Namatala, mtaa wa Wagisu, Wateso, Wagwere na Wakaramoja, wa wapepeta mpunga wa bondeni na wapika waragi na vijana wa pikipiki, hakuna hata mtu mmoja aliyeitazama. Watu hutoa simu mfukoni wakitaka saa, na mzee mwenye kichuma kikuukuu mkononi ni mzee mwenye kichuma kikuukuu mkononi. Ukitamka jina la ile saa nyingine mashuhuri ya Uswisi mbele ya mtu wa hapa, Rolex, atakuelekeza kwa muuza chapati iliyoviringishwa mayai, naye hatakuwa amekosea. Kijana mmoja aliyenibeba kwa pikipiki alikuwa wa kwanza kuiona, akaniuliza, "Mzee, hiyo inapima moyo? Inahesabu hatua?" Nikamwambia kwamba haihesabu hatua, inazila. Aliona kwamba ni mzaha wa kizee, ingawa nilikuwa nimemweleza ufundi wake kwa ufupi kadiri nilivyoweza.

Jirani yangu mmoja, mtu mwenye busara na mashaka, alisikia kutoka kwa fundi kwamba kitu hicho kina soko, akaja kunishauri niiuze, kwani bei yake, alisema, ni mtaji, na kuuacha mtaji ukae mkononi hali nyumba inavuja ni israfu. Sikuweza kumkanusha, maana paa linavuja kweli. Hata hivyo hoja ya israfu haikunikaa vizuri, kwani katika mambo ya anasa mimi naona dhambi, ikiwa ipo, ilikuwa katika miaka ile ya kukunja mkono wa shati, wakati saa ilipokuwa mali ya watazamaji na mimi ndiye niliyekuwa nikiibeba kwa niaba yao. Sasa watazamaji wamekwenda zao, nami ndipo nimeanza kuitazama mwenyewe, usiku, chini ya taa, nikiifuata akrabu ya nukta ambayo haiendi kwa kuruka kama za betri bali hutambaa, na nikakuta kwamba kitu nilichokilipia mwaka 1968 ndiyo kwanza nakabidhiwa. Jirani alinisikiliza kwa subira, akauliza bei tena.

Lakini liko tatizo ambalo si la dhambi wala la paa. Saa inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono inataka mkono unaotikisika, nami ni mtu wa kiti na kivuli. Husimama siku ya pili au ya tatu, na kuijaza kwa kuzungusha kile kishikizo chake chembamba, jambo linalowezekana, vidole vyangu vyenye baridi yabisi havikubali tena. Mjukuu wangu wa kike ni mwalimu, na kila siku hutembea kwenda shuleni na kurudi kwa miguu, akivuka daraja la mto, na darasani hasimami mahali pamoja. Kwa hiyo sasa yeye ndiye aivaaye, na Ijumaa tu ndiyo yangu, ya kwendea msikitini. Mwanzoni alilalamika kwamba ni ya kiume na ni nzito. Siku hizi halalamiki, na nimemwona akikunja mkono wa gauni lake. Fundi amesema kwamba itataka mafuta mapya baada ya miaka mitano hivi, nami nikamwambia mjukuu wangu aiandike tarehe hiyo asiisahau, akaiandika katika simu yake.